Hustle, dansi ya mstari au waacking: ujifunze disko ipi?

Mtu akiniambia anataka kujifunza disko, namuuliza disko ipi. Picha iliyomkaa kichwani huwa ni moja: John Travolta ndani ya suti nyeupe, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili kimeelekezwa darini. Lakini filamu ileile, Saturday Night Fever ya Desemba 1977, ina dansi tatu tofauti kabisa. Kuna pale anapocheza peke yake na ukumbi mzima ukampisha. Kuna pale watu wanapojipanga safu na kupiga hatua sare. Na kuna mashindano ya wawili wawili, ambako yeye na mwenzake wanatangazwa washindi, naye anakwenda kuikabidhi zawadi kwa jozi ya Wapuerto Rico kwa sababu anajua fika kwamba wamemzidi. Ukimwendea mwalimu ukamwambia "nataka kama ile ya Travolta", bado hujamwambia kitu.

Hapa nitazilinganisha tatu: hustle, ambayo ni ya wawili wanaoshikana, dansi za mstari, kama Electric Slide, na waacking, ya mtu mmoja na mikono yake. Nyingine nitazipitia juujuu. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinisome kwa kuvizia: kwa atakayecheza kwa miaka, hustle ndiyo yenye faida kubwa, ila wengi wanaouliza wana shughuli mwezi ujao na hustle haitawasaidia kitu.

Zilikotoka, kwa kifupi kisicho kifupi sana

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Marekani walikuwa wamekwisha kuachiana mikono. Twist ya Chubby Checker ya mwaka 1960 ilishawazoesha kucheza wakitazamana bila kugusana. Siku ya Wapendanao ya 1970, David Mancuso akaalika watu nyumbani kwake 647 Broadway, Manhattan, kwenye jengo lililokuwa la shughuli za ghala. Pombe haikuuzwa, na bila mwaliko huingii. Mahali pale pakaja kujulikana kama The Loft. Walikuja Weusi, Walatino na wazungu, na wengi wao walikuwa mashoga. Sheria za New York za enzi hizo ziliwabana wanaume wasicheze wao kwa wao, kiasi kwamba kumbi zilitakiwa kuwa na angalau mwanamke mmoja kwa kila wanaume watatu. Sasa ukicheza na umati mzima, askari atasema ulikuwa unacheza na nani?

Ni Mancuso huyohuyo aliyeiokota Soul Makossa ya Manu Dibango katika duka la santuri la Wakaribi huko Brooklyn. Dibango, Mcameroon, alikuwa ameirekodi mwaka 1972 kama upande wa pili wa santuri ya kushangilia Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa kwao. Ma-DJ wa New York wakaigombania, redio zikafuata, na 1973 ikaingia kwenye chati ya Billboard. Anayedhani disko ilianza na Bee Gees, waimbaji wa nyimbo za filamu ile ya Travolta, aanze kusikiliza hapo.

Kilichoziwezesha dansi zote hizi ni ngoma. Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia, katika rekodi ya Harold Melvin & the Blue Notes ya mwaka 1973, aliikanyaga ngoma kubwa kwenye kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, huku matoazi ya mguu yakifunguka katikati ya mapigo na kutoa ule mlio wa "tsii". Mtindo huo ukaenea kila mahali. Kwa mwanafunzi, hii ni neema: huhitaji kuwinda pigo. Lipo chini ya nyayo zako muda wote, na nyimbo nyingi za disko ziko kati ya mapigo 110 na 130 kwa dakika. Stayin' Alive ya Bee Gees iko chini kidogo ya hapo, ndiyo maana wanaofundisha huduma ya kwanza huitumia kukumbusha kasi ya kubonyeza kifua cha aliyesimama moyo.

Baada ya hapo njia zikagawanyika.

Hustle: mikono inarudi kushikana

Hustle ilizaliwa Bronx Kusini, New York, kwa vijana wa Kipuerto Rico, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtaa ule ulikuwa wa magenge. Desemba 1971 magenge yakakutana Hoe Avenue na kufanya suluhu, na vijana wakaanza kuvuka mipaka ya mitaa kwenda kwenye sherehe za wenzao. Wazazi wao walikuwa wacheza mambo, dansi ya Kilatini ya wawili wanaoshikana. Watoto wakachukua kushikana mikono kwa wazazi, na mdundo wakauchukua kwa DJ. Mwaka 1975 Van McCoy akatoa wimbo uitwao The Hustle, ukapanda hadi namba moja Marekani mwezi Julai, na jina likaenea dunia nzima kabla dansi yenyewe haijafika.

Ndiyo sababu nakuonya mapema: jina hili hubeba vitu viwili. Kuna hustle ya mstari, ambayo watu husimama safu bila kushikana, na kuna hustle ya wawili, ile ya New York. Ukitafuta video kwa jina tupu utaletewa zote zikiwa zimechanganywa. Ninayoizungumzia hapa ni ya wawili.

Hatua yake ya msingi ni hii. Chukua upande wa anayeongoza. Unahesabu "na-moja, mbili, tatu". Kwenye "na", mguu wa kushoto unakanyaga nyuma kidogo, kwa ncha ya mbele ya unyayo tu, kisigino kikiwa hewani. Kwenye "moja", uzito unarudi mguu wa kulia palepale ulipo. "Mbili", kushoto. "Tatu", kulia. Anayefuata anafanya hayohayo kwa miguu ya kinyume. Umepiga hatua nne ndani ya mapigo matatu, na kwa kuwa hatua ni nne, kila mzunguko unaanza na mguu uleule. Hii ndiyo raha yake: huna haja ya kujiuliza sasa ni zamu ya mguu gani.

Ugumu uko kwingine. Muziki unahesabu nne, miguu inahesabu tatu. Mtakutana na mwanzo wa hesabu ya muziki baada ya mapigo 12, yaani mizunguko minne ya hatua ya msingi. Aliyezoea salsa huteseka hapa, kwa sababu salsa ina pumziko kwenye nne na kwenye nane, na mwili wake unalisubiri pumziko ambalo haliji. Dawa ni kuacha kuhesabu muziki. Hesabu miguu yako, uache ngoma iende zake. Mradi "moja", "mbili" na "tatu" zimeangukia pigo, uko sawa.

Kisha mikono. Hustle ni dansi ya kuzunguka: anayefuata hugeuzwa, hurudishwa, hupitishwa chini ya mkono, hutumwa mbali na kuvutwa karibu. Kosa utakaloliona kila darasa la kwanza ni kidole gumba. Anayeongoza anaogopa kumpoteza mwenzake, basi anambana mkono kwa kidole gumba juu ya ngumi. Mwenzake akigeuka, vidole vinakwama na kifundo kinapinda. Vidole viwe kama ndoano tu, vya mmoja vimeingia ndani ya vya mwingine, gumba limelala pembeni bila kazi. Mkono ukilegea kabisa, hata hivyo, anayefuata hasikii kitu; kiwiko kiwe kimekunjwa kidogo na kishike mvutano mdogo, ili ukisogea wewe kifua, yeye ajue.

Mtu asikudanganye kwamba utaimudu kwa jioni moja. Hatua ya msingi utaipata siku ya kwanza. Kucheza wimbo mzima na mtu usiyemjua, bila kupanga, kunadai wiki kadhaa za kurudiarudia. Lakini ukishaipata, unaweza kuingia ukumbi wa hustle New York au Ulaya, ukamwomba mgeni wimbo mmoja, na mkaelewana bila neno.

Dansi ya mstari: hakuna anayeachwa kwenye kiti

Hapa historia ni fupi na yenye ubishi. Katikati ya miaka ya 1970 kumbi za disko zilijaa dansi za safu: Bus Stop, hustle za mstari za aina aina, na nyinginezo ambazo majina yake yalibadilika kila mji. Iliyodumu kuliko zote ni Electric Slide. Ric Silver, mcheza dansi wa New York, anatambulika kama mtunzi wake, na alisema aliitunga mwaka 1976. Wimbo unaoandamana nayo siku hizi, Electric Boogie wa Marcia Griffiths, Mjamaika aliyeimba na Bob Marley katika I Threes, ulivuma kwa toleo lake la 1989, wakati disko yenyewe ilikwisha kuzikwa zamani. Silver alisisitiza kwamba dansi yake ina hatua 22. Dunia inacheza 18. Nadhani dunia imeshinda.

Hizo 18 ni hizi, na ukisimama sasa hivi utazimaliza kabla ya chai kupoa. Kulia: mguu wa kulia pembeni, wa kushoto unapita nyuma yake, wa kulia tena pembeni, wa kushoto unagusa. Nne hizo. Kushoto vilevile, nne. Rudi nyuma hatua tatu ukianza na kulia, kisha gusa kwa kushoto, nne nyingine. Sasa kushoto mbele, gusa kwa kulia. Kulia nyuma, gusa kwa kushoto. Kushoto mbele, na papo hapo geuka robo kuelekea kushoto huku mguu wa kulia ukiparaza sakafu. Unaanza upya ukitazama ukuta mwingine. Baada ya mizunguko minne umerudi ulikoanzia.

Aliyecheza Jerusalema mwaka 2020 tayari ana nusu ya kazi mwilini. Wimbo ulikuwa wa Master KG wa Afrika Kusini, hatua zilisambazwa na kundi la Angola liitwalo Fenómenos do Semba, na watu waliofungiwa majumbani kwa korona wakaicheza mahospitalini, misikitini hapana lakini makanisani ndiyo, na kwenye nyua zao. Ni ukoo mmoja na Electric Slide: safu, hatua zinazojirudia, na ule mgeuko unaokubadilishia ukuta.

Na ni kwenye huo mgeuko ambapo mambo huharibika. Watu hupanga anayejua mbele, wengine nyuma yake wakimwiga. Robo ya kwanza ikigeuzwa, anayejua anakuwa pembeni. Robo ya pili, yuko nyuma ya kila mtu, na safu ya mbele sasa ni ya wale ambao hawajui lolote na hawana wa kumtazama. Ukumbi unavurugika, MC anacheka kwenye kipaza sauti. Tafuta watu wanne wanaojua, uwaweke kwenye pembe nne. Kila ukuta utakuwa na kiongozi wake.

Ubaya wa dansi ya mstari ni kwamba haikui. Ukishaijua, umeijua. Unaweza kuongeza mbwembwe, kuzunguka mwili mzima badala ya kupita nyuma, kushuka kwenye goti pale pa kugusa, lakini baada ya miezi miwili utatafuta nyingine. Wapo wanaokusanya dansi za mstari kumi, ishirini, na wanafurahi. Mimi zinanichosha, nakiri, ingawa sijaona kitu kingine kinachoweza kumwinua shangazi wa bibi harusi, mtoto wa miaka sita na mhasibu mwenye aibu kwa pamoja ndani ya dakika moja.

Waacking: mikono inayosema

Hii ndiyo isiyojulikana sana kwetu, na ndiyo yenye historia nzito kuliko zote. Ilianzia Los Angeles, si New York, kwenye kumbi za mashoga Weusi na Walatino mnamo miaka ya 1970. Jina lake la kwanza, punking, lilitokana na tusi walilokuwa wakitukanwa, nao wakaligeuza kuwa lao. Walikuwa wakiiga nyota wa kike wa sinema za zamani za Hollywood: shingo inayogeuka taratibu, mkono unaopanda kana kwamba kamera iko karibu, pozi linaloshikiliwa sekunde moja zaidi ya inavyotarajiwa. Kisha pigo linaanguka na mikono inalipuka.

Kipindi cha televisheni cha Soul Train kiliipeleka kwa watu wengi. Tyrone Proctor, mmoja wa wachezaji wake maarufu, pamoja na Jeffrey Daniel na Jody Watley, waliunda kundi la The Outrageous Waack Dancers. Daniel na Watley baadaye waliimba katika Shalamar. Wengi wa waanzilishi wa kumbini, waliokuwa wakiicheza kabla kamera hazijafika, walikufa kwa Ukimwi miaka ya 1980, na dansi ikakaribia kufa nao. Ilirudishwa na waliobaki, Proctor akiwamo hadi kifo chake mwaka 2020, na leo ina nguvu kubwa kabisa Korea Kusini, Japani na Taiwan, ambako kuna mashindano na vijana wanaoicheza kwa kiwango cha kutisha. Mwalimu wako wa mtandaoni ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mkorea. Usishangae.

Zoezi la msingi: simama, mabega yameshuka. Inua kiwiko cha kulia hadi usawa wa bega, mkono wa mbele ukining'inia. Sasa uache mkono wa mbele uzunguke kwenda nyuma, kiganja kipite karibu na sikio, kielekee nyuma ya bega, halafu kitupwe nje mbele yako na kifike, kimenyooka, pale pigo linapoanguka. Kifike. Si kabla, si baada. Kiwiko ndiyo bawaba, nacho hakishuki. Anayeanza hukishusha, na mkono wake unakuwa wa mtu anayefukuza nzi. Ukiweza mmoja, weka wa kushoto, kisha kwa zamu, kisha kwa mapigo ya nusu. Miguu wakati huo inatembea tu, kulia na kushoto, bila makuu.

Bega lisilopashwa joto litakulipiza kesho yake. Zungusha mabega dakika tano kabla, na ukisikia kuchoma, si uchovu wa misuli bali kuchoma, acha siku hiyo.

Waacking inadai kitu ambacho hatua hazifundishi: kukubali kutazamwa. Kuna watu wenye mikono mizuri kabisa ambao uso wao umejificha, na dansi inakufa hapohapo. Na kuna mwingine anakosea nusu ya hatua lakini ameinua kidevu, na humwachii jicho.

Tuzipime sasa

Mwenza. Hili ndilo linaloamua kwa watu wengi. Hustle bila mwenza ni nusu. Unaweza kufanyia mazoezi miguu yako jikoni, lakini kuongoza na kufuata kunafunzwa na mkono wa mtu mwingine. Kuna na suala la heshima ambalo vitabu vya dansi havilitaji: kwa familia nyingi za kwetu, kumshika mikono na kumzungusha mtu ambaye si mke au mume wako mbele ya wakwe ni jambo la kufikiria mara mbili. Kama ndivyo ilivyo kwenu, ama ujifunze hustle na mwenzi wako, na wanandoa wengi wanaipenda kwa sababu hiyohiyo, ama uchague mojawapo ya zile mbili. Dansi ya mstari haina mguso hata mmoja. Waacking vilevile, ingawa pozi zake zina madaha ambayo baadhi ya wazee watayatafsiri watakavyo.

Mwili. Magoti yakisumbua, ogopa hustle kwa sababu ya mizunguko: unyayo ukikwama huku mwili unageuka, goti ndilo linalolipa. Waacking huyaachia magoti, ikayahamishia mabega. Ya mstari ndiyo pole zaidi, na mtu mzima wa miaka sabini anaweza kuifanya kwa nusu ya kasi bila kuharibu safu.

Viatu, na hapa nitasisitiza. Raba za soli nene ni adui wa hustle, zinang'ang'ania vigae. Tafuta kiatu cha soli ya ngozi au kilicholainika kwa kuvaliwa. Kwenye sakafu ya saruji iliyokwaruza, hata ngozi haitelezi, basi punguza mizunguko. Kwa mstari na waacking, raba hazina neno. Kuhusu mavazi ya "enzi zile", mashati ya kola ndefu na suruali za bugaluu ni raha tupu, lakini bugaluu iliyoburuta chini na viatu vya raizoni vyenye soli ya kimo cha tofali vimewaangusha watu wengi zaidi ya pombe. Pindo lifike kwenye kisigino tu. Wazee wa Dar es Salaam watakukumbusha kwamba kulikuwa na wakati nguo zilikuwa kesi: Operesheni Vijana ya TANU Youth League ilianza 1 Januari 1969 na ikawaandama waliovaa sketi fupi na suruali za kubana. Bugaluu ilikuja kutamba miaka iliyofuata hata hivyo.

Nafasi. Jozi moja ya hustle inataka kama mita mbili kwa tatu ili isimpige jirani. Kwenye ukumbi wa sherehe uliojaa meza, jozi mbili tu zinatosha kufunga njia ya wahudumu. Waacking inataka urefu wa mikono yako pande zote. Mstari hubana popote.

Walimu. Dar na Nairobi zina wacheza salsa wa kutosha, na mwalimu mzuri wa salsa anaweza kukufikisha mbali kwenye hustle hata kama yeye si mtaalamu wake, kwa sababu mbinu za mikono zinafanana. Muulize tu kama anajua hesabu ya tatu. Akikuonyesha hatua za salsa juu ya wimbo wa disko na kukuambia ni kilekile, shukuru uondoke. Waacking utaipata kwa vijana wa dansi za mtaani, na kwa mstari humhitaji mwalimu, unahitaji jirani mwenye subira.

Zilizobaki

Kuna kucheza huru, ile ya The Loft na baadaye Paradise Garage, klabu ya 84 King Street ambako Larry Levan alipiga muziki hadi ilipofungwa mwaka 1987. Haina hatua rasmi. Ni nzuri sana, lakini haifundishwi; unaifikia kwa kucheza usiku mwingi. Aliyekulia disko toto za sikukuu ya Idi na Krismasi ameshaianza bila kujua.

Bump, ile ya kugonganisha nyonga na mwenzio kwenye pigo, inajifunzwa kwa sekunde kumi na kuchosha kwa dakika mbili. Iweke kama kachumbari.

Na ukiona video za wasichana wadogo Waingereza wenye nguo zinazometameta, wakirusha mateke juu ya kichwa na kupasua msamba kwa kasi ya ajabu, hiyo nayo inaitwa disko, na ina mashindano yake makubwa Blackpool. Ni sarakasi inayohitaji kuanza utotoni. Kama una miaka 35, tazama upige makofi.

Kwa hiyo uchague ipi

Una send-off au sherehe ya kuzaliwa yenye mada ya miaka ya 1970, na zimebaki wiki tatu: mstari, bila kujadili. Wafundishe kamati kwanza, wale wanne wa pembeni wawe miongoni mwao, na mwambie DJ mapema wimbo mnaoutaka, kwa sababu ma-DJ wana tabia ya kukata wimbo katikati pale mnapoanza kuupata. Kama bwana na bibi harusi wanataka kitu chao wawili kabla ya safu kuingia, wafundishwe hatua ya msingi ya hustle na mizunguko miwili tu: mmoja wa kumpitisha chini ya mkono, mmoja wa kumtuma na kumrudisha. Dakika moja na nusu inatosha. Zaidi ya hapo mtaona hesabu kwenye midomo yao.

Unataka kitu cha kukutoa jasho peke yako chumbani, bila kumsubiri mtu: waacking. Uwe tayari kujirekodi kwa simu, maana kioo hakikuonyeshi kama mkono ulifika kwenye pigo au ulichelewa.

Unacheza salsa tayari: hustle, leo. Utalalamika wiki mbili kuhusu lile pumziko lililopotea, kisha utaanza kuliona pumziko la salsa kuwa refu mno.

Huna mdundo kabisa, au umeambiwa hivyo tangu shule ya msingi: anza na mstari mwezi mmoja. Safu inakubeba, ukikosea, waliokuzunguka wanakurudisha kwenye pigo bila mtu kusema neno. Miguu ikishajua kuanguka kwenye ngoma bila kuamrishwa, nenda kwenye hustle kama una mtu, au waacking kama huna. Kinyume chake, kuanza na waacking wakati hujui pigo liko wapi, ni kujitesa: mikono yote ile inategemea kufika kwa wakati, na usiyemsikia huwezi kumwahi.

Na kama ni ile ya Travolta peke yake unayoitaka, kidole na suti, basi jua kwamba alifundishwa na Deney Terrio na kupangiwa na Lester Wilson, na kwamba alifanya mazoezi kwa miezi kabla ya kamera kuwashwa. Hatua zenyewe si ngumu sana. Miguu yake ni ya dansi ya mstari, mikono ina kitu cha Los Angeles, na kile kidole kinahitaji tu bega lililoshuka. Watu huinua bega pamoja na mkono, shingo ikapotea. Shusha bega kwanza, halafu nyoosha.